Baiskeli na Mwenda kwa Miguu: Ugomvi wa Wanyonge Wawili

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, mtu anayekwenda kwa miguu na mtu anayepanda baiskeli hukutana kila siku katika ukanda mwembamba wa ardhi uliobaki baina ya magari na kuta za majengo. Mmoja hulalamika kwamba njia yake imeingiliwa na chombo cha magurudumu kinachomjia kimya kimya kutoka nyuma. Mwingine hulalamika kwamba akiteremka barabarani atagongwa na basi, na akibaki kando atatukanwa. Malalamiko yote mawili ni ya kweli, na kwa sababu hiyo ugomvi wao hauishi.

Watu wengi huuchukua ugomvi huu kuwa ni suala la adabu tu: ati mpanda baiskeli angekuwa na subira, na mwenda kwa miguu angekuwa na uangalifu, yote yangekwisha. Adabu ina mahali pake. Lakini chini ya maneno makali yanayorushwa njiani yamo mambo yanayoweza kupimwa kwa mizani, kwa saa na kwa utepe wa kupimia: tungamo, kasi, muda ambao ubongo unauhitaji ili kutambua hatari, na upana wa njia. Mambo hayo yakisha kueleweka, huonekana wazi kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu haikuzaliwa na tabia za watu bali na namna barabara zilivyojengwa.

Ugomvi uliozaliwa pamoja na chombo chenyewe

Tarehe 12 Juni 1817, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, Karl Drais alitoka kwa mara ya kwanza hadharani na mashine ya mbao yenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Haikuwa na pedali. Mpandaji aliisukuma kwa kupiga miguu chini kama mtu anayekimbia akiwa ameketi. Mashine hiyo ndiyo babu wa baiskeli.

Barabara za siku zile zilikuwa zimechimbwa na magurudumu ya magari ya farasi, zikajaa makorongo na matope. Juu ya uso wa namna hiyo ilikuwa vigumu mno kuisawazisha mashine ya magurudumu mawili. Basi wapandaji wakaihamia njia ya waenda kwa miguu, iliyokuwa laini. Waenda kwa miguu wakapiga kelele, na wakuu wa miji wakaitikia: Milan ilipiga marufuku mwaka 1818, London na New York mwaka 1819. Katika Uingereza, sheria ya barabara kuu ya mwaka 1835 ilikataza wanyama na magari ya aina yoyote kupita katika kijia cha kando ya barabara. Na mwaka 1888 sheria nyingine ikatamka kwamba baiskeli nayo ni gari. Tangu hapo baiskeli ikawa imefukuzwa kijiani na kupelekwa katikati ya barabara, ambako wakati huo hakukuwa na kitu kilichokwenda kwa kasi zaidi ya farasi.

Katika historia hiyo limo funzo la kwanza. Mpanda baiskeli wa mwaka 1817 hakuingia katika njia ya watu kwa ukaidi. Alifuata uso ulio laini. Sheria ya mwaka 1888 nayo haikuwa ya kikatili, kwani ilimpeleka miongoni mwa vyombo vilivyokaribiana naye kwa kasi. Hali ilibadilika pale motokaa zilipoingia barabarani, na hesabu yote ikageuka.

Hesabu ya nishati

Kila kitu kinachokwenda hubeba nishati ya mwendo. Mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni yake: nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. Kwa kuwa kasi huzidishwa mara mbili, kuongeza kasi kidogo huongeza nishati nyingi.

Chukua mtu wa kilo 65 anayetembea kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.4 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 64 hivi. Chukua sasa mpanda baiskeli ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 85, naye anakwenda mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Nishati yake ni jouli 1,060 hivi, kiasi cha mara kumi na saba ya ile ya mwenda kwa miguu. Kisha chukua motokaa ndogo ya kilo 1,300 inayokwenda kilomita 50 kwa saa. Nishati yake ni jouli 125,000 hivi, takriban mara mia moja na ishirini ya ile ya baiskeli.

Tarakimu hizi tatu zinaeleza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mwenda kwa miguu hakosei anapoiogopa baiskeli. Chombo chenye nishati mara kumi na saba ya yake si mwenzake wa njia moja. Aidha, madhara makubwa mara nyingi hayasababishwi na baiskeli yenyewe bali na ardhi. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1.6, ambacho ni kimo cha kichwa cha mtu wa wastani, hufika chini kikiwa na kasi ya mita 5.6 kwa sekunde, yaani kilomita 20 kwa saa. Kijana huweza kujikinga kwa mikono. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika huvunjika nyonga au hupasuka fuvu.

La pili, mpanda baiskeli naye hakosei anapoikimbia barabara. Pengo lililopo baina yake na motokaa ni kubwa kuliko pengo lililopo baina yake na mwenda kwa miguu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Kati ya kila mia moja, 21 walikuwa waenda kwa miguu na 5 walikuwa wapanda baiskeli. Nchini Uingereza, ambako ajali huandikwa kwa makini, waenda kwa miguu wapatao 400 hufa barabarani kila mwaka, na wanaokufa kwa kugongwa na baiskeli kwa kawaida hawafiki kumi. Wanyonge wawili wanagombana, huku muuaji wa wote wawili akipita katikati ya barabara bila ya kutajwa. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Hata hivyo haitoshi kumwambia bibi kizee kwamba uwezekano wake wa kuuawa na baiskeli ni mdogo. Hofu nayo ni madhara. Mzee anayeacha kwenda sokoni, au kipofu anayeacha kutoka peke yake kwa kuwa fimbo yake haiwezi kumwonyesha kinachokuja nyuma, hahesabiwi katika takwimu zozote za ajali, lakini amekwisha kunyang'anywa njia.

Mita tisa

Mtu anayetembea huweza kusimama kwa hatua moja. Mpanda baiskeli hawezi. Kabla breki haijashika, jicho lazima lione, ubongo uamue na mkono ubane. Kazi hiyo huchukua muda wa sekunde moja hivi. Katika sekunde hiyo baiskeli ya mita 5 kwa sekunde imekwisha kwenda mita 5 bila ya kupunguza chochote. Kisha breki nzuri za magurudumu yote mawili, katika njia kavu, huweza kuipunguza kasi kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Mita 4 nyingine na zaidi huhitajika. Jumla ni mita 9, urefu ambao mara nyingi unashinda ule wa chumba cha darasa.

Kasi ikipungua hadi kilomita 10 kwa saa, umbali huo hushuka hadi mita 4. Ikipanda hadi kilomita 25 kwa saa, hufika mita 15. Na hii ni kwa breki nzuri. Breki ya nyuma peke yake ni dhaifu, kwa kuwa chombo kinapopunguza kasi uzito huhamia mbele, na gurudumu la nyuma hukamata ardhi kwa nguvu ndogo zaidi. Breki ya mbele ikibanwa kupita kiasi, gurudumu la nyuma huinuka na mpandaji huruka juu ya usukani. Na ziko baiskeli nyingi ambazo breki zake zimekwisha kabisa, mpandaji akitegemea kuikanyaga tairi kwa kandambili. Baiskeli ya namna hiyo, ikiwa imebeba magunia ya mkaa au madebe ya maji, haistahili kuwapo mahali popote penye watu.

Kwa nini mpanda baiskeli hapendi kusimama

Waenda kwa miguu husema kwamba mpanda baiskeli ni mtu mwenye kiburi, kwa maana hapendi kupunguza mwendo hata akiona watu. Fizikia inayo maelezo mengine, nayo ni mawili.

La kwanza ni la nishati. Mpandaji anayekwenda mita 5 kwa sekunde katika njia tambarare hutoa nguvu ya wati 70 hivi ili kushinda upinzani wa hewa na wa tairi. Akisimama kabisa, zile jouli 1,060 zote hugeuka joto katika breki, naye lazima azitoe upya kwa misuli yake ili aondoke tena. Nishati hiyo ingemtosha kwenda sekunde 15 zaidi, yaani mita 75. Mtu anayesimamishwa mara kumi katika safari yake huwa kana kwamba amelazimishwa kwenda mita 750 za ziada. Kwa dereva, kusimama ni kubonyeza kanyagio tu. Kwa mpanda baiskeli, ni jasho.

La pili ni la mizani. Baiskeli hukaa wima kwa sababu inakwenda. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba siri yake ni magurudumu kuzunguka kama jiroskopu, pamoja na namna uma wa mbele ulivyoinamishwa. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walijenga chombo cha magurudumu mawili ambacho sifa hizo mbili zilikuwa zimeondolewa, na bado kilijisawazisha chenyewe kilipokwenda kwa kasi ya kutosha. Kwa hiyo sababu ni nyingi zaidi kuliko zilivyodhaniwa, lakini zote huhitaji mwendo. Kasi ikishuka karibu na ile ya mtu anayetembea, mpandaji hulazimika kuugeuza usukani huku na huku ili asianguke. Baiskeli ya upana wa sentimita 60 huhitaji hapo ukanda wa mita moja, au zaidi. Ndiyo kusema kwamba baiskeli inapotii na kwenda polepole miongoni mwa watu, huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko inapokwenda mbio. Hili ni jambo linalosahauliwa na wengi wanaotunga sheria za njia za pamoja.

Kengele na masikio mawili

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka kila baiskeli iwe na kengele. Kengele huonya; lakini je, humwambia mtu aende upande gani?

Binadamu hutambua upande wa sauti kwa kuwa masikio yake yametengana. Sauti inayotoka kulia hufika katika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto. Tofauti hiyo haizidi sana sehemu sita za elfu kumi za sekunde, lakini ubongo huipima bila ya shida. Sauti inayotoka nyuma kabisa, katikati ya mgongo, hufika katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Ubongo hukosa kipimo. Na huko ndiko baiskeli inakotoka katika njia nyembamba. Mtu husikia, hushtuka, hajui ajitupe wapi. Huruka kushoto, wakati mpandaji naye amekwisha kuamua kupita kushoto. Kisha kila mmoja humwona mwenzake mpumbavu. Kwa kiziwi kengele haipo kabisa, na kwa mtoto mdogo ni sababu tu ya kugeuka na kutazama.

Nchi iliyozipandisha baiskeli kijiani

Ziko nchi ambazo zimekwisha kufanya majaribio makubwa juu ya suala hili, na Japani ni mfano ulio bora. Mwaka 1970 vifo vya barabarani nchini humo vilifikia 16,765, na Wajapani wakaiita hali hiyo vita vya barabarani. Magari yalikuwa yameongezeka kwa kasi kubwa kuliko barabara. Katika mwaka huo sheria ilibadilishwa ili baiskeli ziruhusiwe kupita katika vijia vya waenda kwa miguu palipowekwa alama. Mabadiliko mengine ya mwaka 1978 yakaweka masharti: baiskeli ya kawaida isizidi upana wa sentimita 60, iende polepole katika upande wa kijia ulio karibu na barabara, na isimame pale itakapomzuia mtu anayetembea.

Hatua hiyo ilichukuliwa katika hali ya hatari, kwa nia ya kuokoa maisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, vifo vya barabarani vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu, kwa sababu nyingi zilizofanya kazi pamoja. Lakini kilichokusudiwa kuwa cha muda kikawa desturi. Vizazi viwili vya Wajapani vilikua vikiamini kwamba mahali pa baiskeli ni kijiani, na sharti la kwenda polepole likasahauliwa. Ikadhihirika pia hatari nyingine, ile ya njia panda. Dereva anayekata kona hutazama magari yanayokuja barabarani, na kijiani hutazamia kuona watu wa mita 1.4 kwa sekunde. Baiskeli inayotokea huko kwa mita 5 kwa sekunde hukata mita 10 kwa sekunde mbili, nayo hufika mbele ya gari kabla dereva hajaiona.

Mwaka 2008, katika mji wa Kobe, mvulana wa miaka 11 aliyekuwa akiteremka kilima kwa baiskeli alimgonga mwanamke wa zaidi ya miaka 60 aliyekuwa akitembea. Mwanamke huyo alipasuka fuvu na hakupata tena fahamu zake. Mwaka 2013 mahakama ilimwamuru mama wa mvulana alipe fidia ya yeni milioni 95 hivi. Nchi nzima ilishtuka. Jamaa mbili zilikuwa zimeangamia, na chombo kilichohusika kilikuwa baiskeli ya mtoto.

Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kuanza kugeuza njia. Mwezi Oktoba 2011 polisi wa taifa walitoa mwongozo kwamba baiskeli ni chombo cha barabarani na irudi barabarani, na kwamba vijia vitakavyoendelea kuziruhusu viwe na upana wa mita 3 angalau. Mwaka 2024 ilipitishwa sheria ya kuwatoza faini za papo hapo wapanda baiskeli wenye umri wa miaka 16 na zaidi wanaovunja kanuni, kuanzia Aprili 2026. Lakini kuondoa desturi ya miaka arobaini ni kazi ngumu kuliko kuianzisha, hasa ikiwa barabara yenyewe haikutengewa nafasi ya baiskeli.

Majibu mawili yaliyofaulu

Uholanzi ilipita katika dhiki hiyo hiyo. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara zake, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliandamana, na mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ukawafanya wakuu wasikilize. Jibu la Waholanzi halikuwa kuzipandisha baiskeli kijiani wala kuziacha barabarani. Walijenga njia ya tatu: uso laini wa rangi ya pekee, uliotengwa na magari kwa ukingo, na uliotengwa na waenda kwa miguu kwa kimo tofauti. Katika miaka ya 1990 waliiweka fikra hiyo katika kanuni iliyo wazi: vyombo vinavyotofautiana sana kwa kasi na tungamo vitenganishwe, na pasipowezekana kuvitenganisha, kasi ishushwe hadi ile ambayo mnyonge anaweza kuistahimili. Mpaka huwekwa kwa kasi. Haujali kama chombo kina injini au hakina.

Jibu la pili halihitaji safari ya kwenda Ulaya. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni na hata pikipiki hupita katika njia moja isiyo na kijia wala mstari. Njia yenyewe ni nyembamba, na hupinda kila baada ya hatua chache. Hakuna anayeweza kuona mbali, basi hakuna anayethubutu kwenda mbio. Hamali mwenye mkokoteni hupaza sauti, "Hodi! Hodi!", naye mwenda kwa miguu hujibana ukutani, kesho yake huenda huyo huyo akawa ndiye mwenye baiskeli. Waliojenga vichochoro hivyo walikuwa wakitafuta kivuli, na pembe za kuta zao zikafanya kazi ya askari wa barabarani bila ya mshahara. Mwaka 1976 Waholanzi waliupa mfano wa namna hiyo nguvu ya sheria kwa ajili ya mitaa yao ya makazi: magari yanaruhusiwa, lakini kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Majibu haya mawili hayapingani. La kwanza ni la barabara kuu, ambako tofauti ya kasi haiwezi kuondolewa. La pili ni la mtaani, ambako inaweza. Lililoshindwa ni lile la katikati, la kuichukua njia finyu ya waenda kwa miguu, kuchora ndani yake picha ya baiskeli, na kuwaambia wote wawili wavumiliane.

Barabara ya Morogoro na zitakazofuata

Dar es Salaam ilipojenga awamu ya kwanza ya njia za mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kazi mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kando ya njia za magari ziliwekwa njia za baiskeli na za waenda kwa miguu. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwa kuwa barabara nyingi zilizotangulia zilihesabu magari tu. Lakini njia ikisha kujengwa huhitaji kulindwa. Katika miji yetu mara nyingi njia ya baiskeli huonekana imekaliwa na magari yaliyoegeshwa, bidhaa za wamachinga, au pikipiki zinazokwepa foleni. Pikipiki yenye mtu na abiria wake, ikienda kilomita 40 kwa saa, huchukua nishati isiyopungua mara kumi ya ile ya baiskeli. Kuiacha ipite hapo ni kuufuta mpaka wote uliokusudiwa.

Pia hali ya hewa ya pwani ina kanuni yake. Mwenda kwa miguu wa saa saba mchana hufuata kivuli. Kama njia yake imeachwa bila ya miti, na kivuli cha majengo kimeangukia njia ya baiskeli, atahamia huko, na alama yoyote ya rangi haitamzuia. Kadhalika kama njia yake ni vifuniko vya zege juu ya mtaro, na kila kifuniko cha tano kimevunjika, atakwenda palipo imara. Mkaidi wa leo, mithili ya yule wa Mannheim mwaka 1817, anafuata uso ulio bora.

Jaribio kwa wanafunzi

Jambo hili linaweza kuchunguzwa katika uwanja wa shule bila ya gharama. Pigeni mistari miwili ya chokaa yenye umbali wa mita 20 kati yake. Mpanda baiskeli mmoja na akate mita hizo kwa mwendo usiobadilika, mwingine akipima muda kwa saa. Kutoka hapo kasi itajulikana. Baada ya mstari wa pili, mwalimu apige filimbi kwa ghafla, na mpandaji asimame. Pimeni umbali kutoka mahali alipokuwa filimbi ilipolia hadi aliposimama. Rudieni kwa kasi tatu tofauti, kwa breki zote mbili na kwa breki ya nyuma peke yake, kisha chora grafu ya umbali dhidi ya kasi. Uwanja uwe mtupu, na mpandaji avae kofia ngumu.

Wanafunzi wataona kwamba grafu hainyooki. Hupinda kwenda juu. Kisha na watoke nje ya lango la shule, wapime kwa utepe upana halisi uliobaki kwa watu baada ya kutoa nguzo, mtaro na meza za wafanya biashara. Wailinganishe tarakimu hiyo na mahitaji: sentimita 60 kwa kila mtu, mita moja kwa baiskeli, na mita 9 za kusimamia. Matokeo yaandikwe na yapelekwe kwa mhandisi wa halmashauri. Mara nyingi mhandisi anayo hesabu ya magari yanayopita, lakini hana hesabu ya miguu.

Ipo methali isemayo, mwenye nguvu mpishe. Imekuwa ndiyo sheria halisi ya barabara zetu: baiskeli huipisha motokaa kwa kukimbilia kijiani, na mwenda kwa miguu huipisha baiskeli kwa kukimbilia mtaroni. Kwa mtu aliye peke yake njiani, hiyo ni hekima ya kujiokoa. Kwa mji unaopanga barabara zake kwa miaka hamsini ijayo, hesabu za nishati zinaagiza kinyume chake: mwenye nguvu ndiye apunguze, na mnyonge ndiye apewe nafasi kwanza. Barabara nyingi za miji ya Afrika ya Mashariki bado hazijajengwa. Mita moja na nusu itakayotengwa katika mchoro sasa haina gharama kubwa; ikisha kusahauliwa, italipwa kwa kubomoa kuta, na kabla ya kuta, kwa mifupa ya watu.